Wagoni ya dizeli kwa bajeti ya kawaida: tathmini ya Toyota Succeed, Probox na wenzake kwa mnunuzi wa Dodoma

Kwa mkazi wa Dodoma, umbali ndio unaoamua gari la kununua. Mji wa Serikali wa Mtumba uko zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya jiji, mashamba ya wengi wetu yako Kongwa, Bahi au Chamwino, ndugu wako Kondoa na Manyoni, na kwenda Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 450. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi hapa katikati ya mwaka 2024 imetupunguzia safari za Dar es Salaam, lakini haimfikishi mtu Kondoa wala haimbebei magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa hadi mlangoni kwake. Ndiyo maana nimeandika tathmini hii ya magari ya dizeli yenye buti refu, yaani wagoni, kwa ajili ya mnunuzi mwenye bajeti isiyozidi shilingi milioni 15, anayetafuta gari lililokwisha kusajiliwa nchini, na ambaye hana fedha ya kununua injini ya pili pindi ya kwanza itakapokufa.

Nitangulize hukumu yangu ili msomaji ajue ninakoelekea. Kwa fedha hiyo, na kwa mafuta na mafundi tulio nao hapa, chaguo la kwanza ni Toyota Succeed au Probox ya dizeli ambayo namba yake ya chasisi inaanza na NLP51. La pili ni Corolla au Caldina ya zamani yenye injini ya 3C-E. Yaliyobaki, pamoja na yale yanayopendeza kutoka Ulaya, yanamfaa mtu mwenye akiba nyingine nje ya bajeti ya kununulia. Hata hivyo, Corolla iliyotunzwa ni bora mara nyingi kuliko Succeed iliyowahi kuchemsha, na kwa sababu hiyo nimelipa suala la ukaguzi nafasi kubwa kuliko suala la majina ya magari.

Kabla ya yote, mnunuzi apige hesabu ya kilomita zake. Probox ya petroli yenye injini ya lita 1.5 inaweza kutarajiwa kwenda kilomita 14 hivi kwa lita katika matumizi ya kuchanganya mjini na barabara kuu, na ile ya dizeli kilomita 18. Bei za juu za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi na hubadilika, kwa hiyo nitachukua shilingi 3,000 kwa lita kwa mafuta yote mawili ili hesabu iwe nyepesi. Anayekwenda kilomita 20,000 kwa mwaka ataokoa lita zipatazo 317, ambazo ni shilingi 950,000 hivi. Anayekwenda kilomita 6,000 tu, kutoka Kisasa hadi ofisini mjini na kurudi, ataokoa shilingi 285,000 hivi, fedha ambayo nozeli moja, yaani kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya injini, ikiharibika inaweza kuimaliza yote. Tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye mafuta, anayechoma lita chache analipa kodi kidogo zaidi, na hilo ni jambo la kuongeza upande wa dizeli. Lakini mtu ambaye hafikishi kilomita 10,000 kwa mwaka namshauri bila kusita anunue la petroli na kuacha kusoma hapa.

Uhaba wa wagoni za dizeli una sababu yake. Magari mengi yaliyotumika tunayonunua hutoka Japani, na huko dizeli katika magari madogo ilififia baada ya Tokyo na mikoa inayoizunguka kuanza kutumia masharti makali ya moshi wa dizeli mwezi Oktoba 2003. Toyota iliacha kuweka injini ya dizeli kwenye Probox na Succeed za soko la Japani mwaka 2007. Kwa hiyo gari tunalolizungumzia lilitengenezwa mwaka huo au kabla yake, na mnunuzi asitegemee kupata la miaka ya karibuni. Kuliagiza mwenyewe kutoka nje pia hakuleti nafuu, kwa sababu juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, Tanzania hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. Wenzetu wa Kenya wameweka kikomo cha miaka 8 na kuyazuia kabisa. Sisi tunayaruhusu, lakini tunayatoza. Kwa bajeti ya milioni 15, gari lenye namba za Tanzania tayari ndilo lenye hesabu inayokubali.

Sasa nije kwenye Succeed na Probox zenyewe. Zilitoka pamoja mwaka 2002, Succeed ikishika nafasi ya Caldina ya mizigo na Probox nafasi ya Corolla ya mizigo. Zinatofautiana kwa mambo machache tu. Succeed ni ndefu kidogo na kiti chake cha nyuma kina nafuu zaidi, jambo ambalo mwenye watoto watatu ataliona mapema. Injini ya dizeli ni 1ND-TV yenye ujazo wa cc 1,364, ikiwa na tabo pamoja na mfumo wa komoni reli, ambamo pampu husukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa hadi kwenye bomba moja la pamoja, na nozeli hufunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta ya gari. Ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, na hilo pekee humwondolea mmiliki hofu moja kubwa. Wasidhani wasomaji kwamba ni injini ya kubabaisha kwa sababu ya udogo wake: BMW waliichukua hiyo hiyo na kuiweka kwenye Mini One D kuanzia mwaka 2003.

Nguvu farasi 75 zinaonekana chache kwenye karatasi, lakini nguvu ya msokoto ya Nm 170 hupatikana injini ikiwa bado inazunguka taratibu, na hiyo ndiyo inayohitajika gari likiwa limejaa watu na mizigo. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko pwani. Injini ya dizeli isiyo na tabo hukosa hewa hiyo, hupungua nguvu na huongeza moshi. Yenye tabo huifidia kwa kujisukumia hewa yenyewe. Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi kwenye njia ya Iringa, baada ya kuvuka bwawa la Mtera na kuanza kuupanda mlima Nyang'oro, ambapo Succeed ya dizeli iliyojaa hupanda kwa gia ya tatu bila kulalamika, wakati Corolla ya zamani inamlazimisha dereva kurudi gia ya pili na kuyapisha malori mepesi.

Buti ndilo sababu ya watu wengi kuipenda. Ukilaza kiti cha nyuma, gari hili limeidhinishwa kubeba kilo 400, yaani magunia manne ya mahindi ya kilo 100, na mlango wa nyuma hufunguka kwa upana unaokubali godoro, vitanda vya watoto au kreti za zabibu kutoka Makutupora bila kuyakunja. Sitasema mengi kuhusu starehe, kwa sababu hakuna mengi ya kusema. Kelele ya injini huingia ndani, mgongo wa kiti cha nyuma umesimama wima, na likiwa tupu gari hurukaruka kwenye barabara ya vumbi. Giaboksi ni ya kawaida ya gia tano. Anayetaka otomatiki atafute gari jingine.

Kuna mambo matatu ambayo muuzaji hatayataja na ambayo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kwanza, bloku ya injini hii ni ya aluminiamu, na gari likichemka hadi kuzima, uwezekano wa kuiokoa injini ni mdogo kuliko kwa injini za zamani za chuma. Pili, ikishakwenda kilomita nyingi huanza kula oili, na vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, pamoja na njia ya hewa hujaa masizi, hasa ikiwa dereva wa awali alikuwa wa safari fupi za mjini. Kuyasafisha masizi si kazi ngumu, lakini injini inayokula oili haiponi kwa kusafishwa. Tatu, ingawa shokapu, bushi, breki, taa na vioo ni vilevile vya Probox za petroli zilizojaa nchini, na kwa hiyo havisumbui kupatikana hapa Dodoma, vipuri vya injini ya dizeli yenyewe mara nyingi vinafuatwa Dar es Salaam, Ilala au Gerezani, na huko nako huuliza namba kamili ya injini kabla ya kukujibu. Mnunuzi asidanganyike na kauli kwamba spea za Probox ziko kila duka. Ziko, lakini hizo ni za petroli.

Namba ya chasisi ndiyo inayomaliza ubishi. NLP51 ni dizeli kutoka kiwandani. NCP50, NCP51 na nyingine zinazoanza na NCP ni petroli. Ukikuta gari lenye NCP likiwa na injini ya dizeli, ujue limebadilishiwa injini na nyaya zake zimeunganishwa upya, na mimi siwezi kumshauri mtu yeyote alinunue, hata kama kadi imerekebishwa kihalali.

Chaguo la pili ni Corolla wagoni ya miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000, pamoja na Caldina ya mizigo ya wakati huohuo. Hapa tena chasisi inasema: CE kwa Corolla na CT kwa Caldina ni dizeli. Injini ni 2C yenye cc 1,974 au 3C-E yenye cc 2,184, zote bloku ya chuma, hazina tabo, na dizeli hupulizwa kwenye chumba kidogo kabla ya kufika kwenye silinda, mfumo wa kizamani unaovumilia mafuta mabaya kuliko komoni reli. Uzuri wake mkubwa uko gereji. Injini za jamii hii zilifungwa kwenye Liteace, Townace na Noah za dizeli, na fundi yeyote wa dizeli mwenye umri wa kutosha ameshazifungua. Nozeli zake husafishwa na kupimwa kwa gharama ndogo, na pampu ya 2C hutengenezwa bila kompyuta yoyote. Kwa mtu anayeishi mbali na mjini, tuseme Mvumi au Haneti, jambo hilo lina uzito kuliko kilomita za ziada kwa kila lita.

Ubaya wake nao unajulikana. Silinda hedi ya aluminiamu hupasuka gari likichemka, na mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni na hesabu inakuwa nyingine kabisa. Matumizi ya kilomita 13 hadi 15 kwa lita hayatofautiani sana na Probox ya petroli, kwa hiyo anayeinunua anafuata uimara na urahisi wa matengenezo, si akiba ya mafuta. Kati ya hizo mbili ningechagua 3C-E. Caldina yenye 3C-TE, yaani ile ya tabo, inavuta vizuri sana, lakini joto lake huielemea silinda hedi ileile yenye udhaifu, na kwa hali ya hewa yetu ningeiacha kwa mwenye fundi wake mwenyewe.

Nissan AD nitaipitia haraka. Ya zamani yenye injini ya CD20 ni imara, ila ina mikanda miwili, mmoja wa taimingi na mwingine wa pampu ya dizeli upande wa giaboksi, na huo wa pili husahaulika hadi siku unapokatika. Iliyofuata, yenye injini ya YD22, ina cheni na matumizi yake ya mafuta ni mazuri, lakini pampu yake ya kielektroniki ikigoma, Dodoma ni vigumu kumpata wa kuitengeneza. Likipatikana kwa bei ya chini sana, linaweza kufikiriwa.

Kuhusu magari ya Ulaya nitasema zaidi, kwa sababu wanunuzi wengi huvutwa na mwonekano wake. Toyota Avensis ilitengenezwa Uingereza hadi mwaka 2018, na wagoni zake tunazozipata kupitia Japani ni za petroli. Ya dizeli ni ile iliyoletwa moja kwa moja kutoka Uingereza, na kipimo chake cha mwendo kinasoma maili. Maili 100,000 ni kilomita 160,900 hivi, na muuzaji asiyelitaja hilo hajakueleza umri halisi wa gari. Injini ya 1CD-FTV ya lita 2.0 iliyofungwa kwenye Avensis hadi mwaka 2006 ni ya mkanda na inastahili kuangaliwa. Zile za 1AD na 2AD zilizofuata zilijulikana Ulaya kwa kula oili na kuunguza gasketi ya silinda hedi, kiasi kwamba Toyota ilibeba gharama za matengenezo kwa wateja wengi wa huko. Sisi hatuna wa kutubebea gharama hizo. Volkswagen Passat ya 1.9 TDI ina injini inayosifiwa duniani kwa haki, lakini matoleo yenye nozeli za pampu, ambapo kila nozeli ina pampu yake, yanadai oili ya kiwango maalumu cha kiwanda, na yakiwekewa oili ya kawaida kwa muda mrefu, kemshafti, yaani mhimili unaofungua vali, huliwa. Katika jiji ambalo oili nyingi hununuliwa kwa kuangalia rangi ya dumu, sioni gari hilo likidumu mikononi mwa mnunuzi wa kawaida. Tena, magari ya Uingereza hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi. Lala chini uangalie kutu kwenye bomba za breki na kwenye chasisi kabla ya kuangalia viti vya ngozi.

Mazda Atenza wagoni yenye Skyactiv-D ya cc 2,188, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2012, ndilo gari bora kuliko yote niliyoyataja kwa mwendo, utulivu na nguvu. Mafundi wetu wameanza kuielewa injini hiyo kupitia CX-5. Lakini liko nje ya bajeti hii, na lina chujio la masizi kwenye ekzosi, DPF, linalojisafisha kwa joto la safari ndefu tu. Kwa safari fupi za Area D hadi Majengo halipati joto hilo, dizeli huchuruzika kwenye oili, na oili hupanda juu ya alama kwenye kijiti cha kupimia. Anayeendesha kila wiki kwenda Babati au Singida hataona tatizo hilo. Anayezunguka mjini ataliona.

Mafuta yenyewe yanastahili maneno machache, kwa sababu ndiyo yanayotenganisha dizeli inayodumu na isiyodumu. Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hiyo inatosha kwa injini za kizazi cha 1ND-TV. Adui wetu alikuwa uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, uliosababisha EWURA kuanza kuweka kinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na Serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata ili faida ya kuchanganya iondoke. Hali imekuwa nzuri zaidi tangu hapo. Hata hivyo, dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. 2C inaweza kuyastahimili, lakini pampu ya komoni reli husagika na kumwaga chembe za chuma kwenye nozeli zote nne. Mwenye Succeed ajaze kwenye vituo vikubwa vya barabarani vyenye mauzo mengi, aombe risiti, na asinunue kwenye madumu ya kando ya njia hata kama taa ya mafuta imewaka.

Sasa ukaguzi. Mwambie muuzaji mapema kwamba utafika asubuhi na kwamba asiliwashe gari. Ukifika ukakuta boneti lina joto, ahirisha, hata kama anakuapia kwamba amelisogeza tu kutoka kwenye geti. Yadi moja niliyoitembelea ilikuwa na Succeed ya fedha inayong'aa, injini imekwisha kupashwa kabla sijafika, na kijana wa pale akakataa katakata kifuniko cha rejeta kisifunguliwe hata baada ya kusubiri ipoe. Sikuhitaji kujua zaidi. Injini ya dizeli huficha maradhi yake ikiwa moto, na huyasema ikiwa baridi.

Gari likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta na utazame maji. Yawe na rangi ya kulenti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, yasiwe na kutu wala mafuta. Hapa Dodoma maji ya visima yana chumvi nyingi, na gari lililojazwa maji hayo kwa miaka lina magamba ndani ya rejeta na kwenye njia za silinda hedi, ambayo hakuna feni itakayoyashinda. Kisha liwashwe. Kwenye injini za 2C na 3C-E subiri taa ya hita plagi, zile zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka, izime. Injini yenye afya itashika mara moja, hata asubuhi za Juni na Julai zenye baridi yetu. Ikijivuta, ikakohoa na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, ama hita plagi zimekufa, ama mgandamizo umepungua, na la pili ni ghali. Mapovu yanayoendelea kupanda kwenye rejeta, au mpira wake wa juu kuwa mgumu wakati maji bado ya baridi, ni dalili kwamba gesi ya silinda inavuja kupitia gasketi au ufa. Hapo mazungumzo ya bei yaishe, kwa sababu hakuna punguzo litakalotosha.

Acha injini izunguke, fungua kizibo cha oili. Mvuke mdogo ni wa kawaida kwa dizeli ya umri huu; moshi unaosukumwa kwa nguvu na kurusha oili unaonyesha pete za pistoni zimechoka. Moshi wa bluu kwenye ekzosi ni oili inayoungua, mweusi mzito ni hewa haitoshi au nozeli zinamwaga, na mweupe usiokoma injini ikiwa moto, wenye harufu tamu, ni kulenti. Baada ya hapo fungua sanduku la filta ya hewa, jambo ambalo wakaguzi wengi hulipita. Pitisha kidole ndani ya bomba upande wa pili wa filta. Ukikuta vumbi jekundu hapo, injini imekuwa ikivuta mchanga wa Dodoma moja kwa moja, na haijalishi kilomita zinasomeka ngapi. Kwenye Succeed, toa pia bomba la tabo na uangalie kama mhimili wake unacheza kwa pembeni au umejaa oili.

Kwa komoni reli ongeza kipimo kimoja ambacho fundi mzuri wa dizeli ana vifaa vyake: chupa nne ndogo zinaunganishwa kwenye mirija ya kurudishia mafuta ya nozeli, injini inaachwa izunguke, na ile nozeli inayojaza chupa yake haraka kuliko wenzake ndiyo iliyochoka. Lipia kipimo hicho bila kubania. Gari linaloanza vizuri asubuhi lakini likisumbua kuwaka baada ya kusimama kidogo likiwa moto, mara nyingi ugonjwa wake uko hapo.

Barabarani, panda nalo mlima wa kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, likiwa na watu wanne ikiwezekana. Sikiliza kama tabo inaingia bila mluzi mkali. Kwenye gia ya nne, mwendo ukiwa mdogo, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mzunguko wa injini ukipanda huku mwendo ukibaki palepale, klachi imekwisha. Rudi nalo, liache likiunguruma kwa muda huku ukitazama mshale wa joto, kisha uangalie tena maji na chini ya gari. Kilomita za dashibodi zisikuamulie chochote. Kwa gari la Japani omba karatasi ya mnada, na kwa gari la Uingereza lenye namba yake ya awali, historia ya ukaguzi wa MOT tangu 2005 inapatikana bure mtandaoni, pamoja na maili zilizosomwa kila mwaka.

Nyaraka hazihitaji maelezo marefu. Jina kwenye kadi lifanane na la anayeuza, namba za chasisi na injini zilinganishwe na kadi kwa macho yako mwenyewe, faini za usalama barabarani ziangaliwe kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike wiki ileile ya malipo. Mikataba ya mkono kwa mkono ya gari lililopita kwa wamiliki watatu bila kubadilisha jina ni shida unayojinunulia.

Mwisho, usimalize milioni 15 kwenye gari. Ningelipa 12 au 13 kwa Succeed iliyopita vipimo hivi vyote, na kilichobaki nikakitumia mwezi wa kwanza: oili na filta zote, kulenti halisi baada ya kuosha rejeta, thamostati mpya, na kwa Corolla mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji bila kujali muuzaji anasema ulibadilishwa lini. Baada ya hapo oili ibadilishwe kila kilomita 5,000. Filta ya dizeli ikamuliwe maji mara kwa mara, na ya hewa ibadilishwe badala ya kupulizwa kwa kompresa kituoni, kwa sababu upepo ule hutoboa karatasi na kuliruhusu vumbi la kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, kupita hadi kwenye silinda.